Ubao wa Mama Venance

Pale Bagara, Kandida anajulikana kama Mama Venance wa mashine ya kusaga, na hajawahi kumung'unya maneno mbele ya mtu. Bomba la mtaa lilipokauka alitundika ubao mlangoni, akawa kila asubuhi anaandika kwa chaki: Maji hakuna, siku ya tano. Siku ya sita. Siku ya saba.

Siku ya tisa akaja ofisa mmoja kijana.

"Shikamoo, Mama Venance."

"Marahaba."

"Futa huo ubao. Unaichafua serikali."

Kandida alizima mashine, akajipangusa unga mikononi, akachomoa kitabu cha Katiba chini ya mizani. Akamsomea ibara ya kumi na nane, ile ya uhuru wa maoni, bila haraka yoyote.

"Uhuru una mipaka," kijana akasema.

"Najua, ibara ya thelathini nayo nimeisoma. Lakini mpaka unawekwa na sheria, mwanangu, hauwekwi na hasira. Nionyeshe sheria niliyovunja, nitaufuta ubao kwa mkono wangu huu. Au shika chaki, andika agizo lako hapo chini, na jina lako."

Kijana aliishika chaki, akawatazama wanawake waliopanga foleni na madebe yao ya mahindi. Akairudisha, akaondoka akisema atakuja na hiyo sheria.

Kesho yake, kabla hajawasha mashine, Kandida aliandika mistari miwili:

Maji hakuna, siku ya kumi.
Sheria ya kufuta ubao haijaletwa, siku ya kwanza.