Sanduku la Kata

Mimi ni mtu wa kujivuna, sikatai. Nimezaliwa na mama aliyekuwa na vikombe vya mchungaji. Kwetu ni karibu na Mponde, chai tunalima wenyewe, lakini vikombe vile sita vyenye maua vilikaa kabatini na sisi tukanywea vya plastiki. Mchungaji alikuja mara mbili kwa mwaka. Mama alipofariki vikombe vilikuwa bado sita, havina hata ufa, na msibani watu walimsifu kwa hilo.

Kwa hiyo nilipopewa darasa la awali, na zamu ya sanduku ikafika shuleni kwetu, nilijua la kufanya.

Sanduku lenyewe ni la mbao, limepakwa rangi ya bluu, na shule zote za kata yetu zinalitumia kwa zamu, muhula mmoja mmoja. Ndani mna shanga kubwa za kutunga kwenye kamba, vipande vya mbao vya kujengea, kadi za picha, vikaragosi viwili vya kuvaa mkononi, mizani ndogo na kitabu cha kumwongoza mwalimu. Siku ya makabidhiano walimu wa awali tunakutana kwenye kituo cha walimu. Afisa Elimu Kata anasoma orodha kwa sauti na aliyekuwa na sanduku anajibu, "Vipo." Mwisho anapigiwa makofi. Shanga zilikuwa hamsini, lakini mwalimu mmoja mama mtu mzima aliwahi kurudisha pungufu ya moja, na tangu hapo orodha inasomeka arobaini na tisa. Ikifika hapo kila mtu anamgeukia yule mama. Kuna anayemuuliza kama ameshaiona. Na mimi nilimuuliza, nikacheka na wenzangu.

Zamu yangu ya kwanza niliweka sanduku juu ya kabati, nikalifunika kwa kitambaa alichodarizi mama. Nikifundisha natoa kitu kimoja, nakiinua. "Mikono nyuma!" Watoto wanaweka mikono nyuma. "Hii ni nini?" "Mizaniii!" Naifuta, nairudisha. Wakisogea karibu nawaambia, "Mkigusa, mwalimu atafungwa." Nililirudisha bado linanukia rangi. Nilipigwa picha nalo kwa simu, ikawekwa kwenye kundi la walimu, na jioni ile nilitembea kwa maringo mpaka nyumbani.

Zamu ya pili ilianza Julai, ukungu ukiingia mpaka darasani. Asubuhi moja bibi mmoja akasimama mlangoni, ushungi kichwani, miguu ina udongo wa shamba. Nyuma ya kanga yake alijificha mjukuu wake, mwanafunzi wangu, ambaye sikuwa nimemwona wiki nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Tukasalimiana kwa Kishambaa, za nyumbani, za shamba, za baridi, mpaka salamu zikaisha. Kisha akageukia Kiswahili, nikajua sasa anazungumza na mwalimu.

"Mwalimu, humo sandukuni mna nini? Huyu kila kukicha analia. Anasema mkono ukimponyoka akaligusa, wewe utapelekwa jela. Anakupenda, basi ameona bora asije kabisa."

"Ni vifaa vya kufundishia, bibi. Ni mali ya kata."

"Vya kumfundishia nani?"

Nikasogea kwenye kabati, nikanyoosha pindo la kitambaa cha mama. Bibi hakupandisha sauti. "Nyumbani huyu ndiye ananichagulia viazi. Vya kuuza huku, vya mbegu huku, vilivyooza anatupa. Hakosei. Hapa mnamfunga mikono."

Ulimi ulishakuwa tayari kumwambia kwamba shule si viazi. Nikageuka kutafuta wa kuniunga mkono, nikaliona darasa zima. Wote walikuwa wameweka mikono nyuma. Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimesimama karibu na kabati tu.

Iliniuma. Nikavuta kiti, nikateremsha sanduku, nikalimwaga lote mkekani. Hakuna aliyesogea. Bibi ndiye aliyeketi, akanyoosha miguu, akachukua kamba na kuanza kutunga shanga, kubwa, ndogo, kubwa, kubwa. Mjukuu alivumilia kidogo tu.

"Bibi, unakosea," akasema, akatoka nyuma ya kanga.

Baada ya hapo sikuweza kuwazuia hata kama ningetaka. Shanga zilipotelea kwenye nyufa za sakafu. Kadi moja ilitumbukia kwenye uji. Kikaragosi kiling'oka sikio, nikakishona kwa uzi mwekundu kwa kuwa ndio niliokuwa nao. Bibi akatufundisha kuloweka maharage mpaka yalainike, kuyatoboa kwa sindano na kuyaanika, yakawa shanga. Nilifungua hata kile kitabu cha mwalimu, kurasa zake zikiwa bado zimegandana, nikakuta mle maneno yale yale ya bibi, ila marefu zaidi. Na yule mtoto, hata nikimwambia kengele ya kwenda nyumbani imelia, aliendelea kupima viazi kwenye mizani na kuwafokea wenzake kwa sauti yangu mimi.

Siku ya makabidhiano nilikwenda na barua ya kuomba radhi kwenye pochi.

"Shanga arobaini na tisa."

"Thelathini na nane," nikajibu. "Na maharage kumi na moja."

Wakacheka. Afisa alipoinua kadi iliyokakamaa kwa uji, wakaacha kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wote walinigeukia kama tulivyozoea kumgeukia yule mama. Masikio yaliwaka moto. Nikavikumbuka vikombe sita vya mama, nikaingiza mkono kwenye pochi.

Aliyekuwa anapokea sanduku siku hiyo ni yuleyule mama wa shanga moja. Akainuka, akashika kipande cha mbao kilichokuwa cheusi pembeni kwa vidole vya watoto, akakigeuzageuza. Akavaa kile kikaragosi chenye sikio jekundu.

"Mimi nililifungua kabla yako," akaniambia, lakini kwa sauti ya kusikika na wote. "Ile shanga iliondoka na mtoto, mfukoni mwake. Mlivyonicheka, nikalifunga. Kila zamu yangu tangu hapo nimelifunga."

Mimi nilitazama chini.

Orodha yetu ina safu ya hali ya kifaa. Tangu sanduku linunuliwe, zamu kwa zamu, tumeandika neno moja tu, mpya, mpya, mpya, na mwandiko wangu umo. Yule mama akachukua kalamu na kuandika taratibu, mstari kwa mstari, mpaka ule wa kitabu cha mwalimu: imetumika. Akaweka saini, akanisogezea karatasi.

Barua niliiacha palepale kwenye pochi. Nikasaini jina langu kwa herufi kubwa, kubwa kuliko nilivyowahi kusaini popote.