Anayelinda Kahawa ya Kijiji Kisicho na Watu

Kumepambazuka lakini jua halijaonekana. Ukungu umelala juu ya kilima hiki, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Isansa, wilayani Mbozi. Ndani ya ukungu huo Ezron Simbeye anapita kati ya mibuni, fimbo mkononi, akiimba kwa sauti ya juu.

"Naimba ili anayekuja ajue kwamba mimi ni mtu," anasema bila kugeuka. "Zamani sikuimba. Sasa naona ni lazima."

Mibuni inaishia kwenye nyua za watu, ila watu wenyewe hawapo. Nyumba zimesimama bila mapaa wala milango. Majani yameota vyumbani. Katika jiko moja paka ameketi juu ya mafiga yaliyopoa, anatutazama. Katika nyumba inayofuata yupo mwingine, naye ameketi vivyo hivyo.

"Paka si wa mtu, paka ni wa nyumba," Ezron anaeleza. "Wenyewe waliwabeba kwenye matenga hadi bondeni. Haikupita wiki, wote walikuwa wamerudi."

Haya ni mahame. Watu wake walihamishwa miaka minne iliyopita, mwaka 1974, wakati wa operesheni ya vijiji, wakashushwa bondeni karibu na barabara na shule. Waling'oa milango, wakachukua miti ya kuezekea, lakini kahawa haibebeki. Serikali ya kijiji ikamweka Ezron alinde mashamba dhidi ya wezi wanaovusha buni kwenda Zambia kwa magendo. Kwa kazi hiyo hupata posho ya shilingi sitini kwa mwezi na debe la mahindi. Yeye, mkewe Jenista na watoto wao watano hawashibi kwa hilo.

Kinachomsumbua zaidi si njaa.

"Bondeni kila mtu anaota kurudi huku," anasema. "Jenista akiamka huniuliza habari za migomba yake kama anayeuliza hali ya mgonjwa. Mimi niliyeachwa huku ndiye pekee nisiyepataka. Tangu ujana nilitaka kwenda Kitwe, kwenye migodi ya Zambia."

Angekwenda mwaka 1962, pamoja na rafiki yake Kefa, waliyekua naye nyumba kwa nyumba. Wiki ya safari baba yake Ezron akapooza, naye akabaki. Kefa akavuka mpaka peke yake kwenda kutafuta kazi ya mgodini. Miaka ya mwanzo zilikuja salamu. Baadaye hazikuja tena.

Mama yake Kefa hakuacha kumngoja. Hata baada ya kuhamishwa, kila asubuhi mama huyo mjane alipanda kilima, akaingia katika nyumba yake isiyo na paa na kuwasha moto. Uongozi wa kijiji ulikataza watu kurudi kwenye mahame, na Ezron akaagizwa amzuie.

"Nilimweleza. Akanitazama, akasema, 'Wewe linda kahawa, baba. Kefa hakijui kijiji kipya. Akija atakuja hapa, na akiona moshi atajua tupo.' Nikamwacha."

Juni mwaka jana mguu wa Mama Kefa ulivimba, akashindwa kupanda kilima. Nyumba yake ikakaa siku kadhaa bila moshi.

Asubuhi mojawapo ya siku hizo baridi ilikuwa kali. Ezron alikuwa amejifunika shuka jeupe la marekani kuanzia kichwani, akipita kwenye mibuni bila kuimba, maana anayevizia wezi hapigi kelele. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba alisikia matone yakianguka kwenye majani lakini majani yenyewe hakuyaona.

Alipofika nyumba ya Mama Kefa aliona mtu amesimama uani.

"Alivaa koti refu na kofia. Alikuwa anatazama ndani ya nyumba, pale palipokuwa na mlango. Paka alikuwa kwenye mafiga, manyoya yote yamesimama. Nilitaka kuuliza 'Nani?' lakini sauti haikutoka."

Mtu yule akageuka. Alimtazama Ezron kwa muda mrefu.

"Akasema polepole, kwa Kinyiha, 'Nawe pia, Ezron?'"

Kisha akatoweka kwenye ukungu. Ezron alisikia mawe yakiporomoka mteremkoni, halafu kimya. Akakaa chini palepale.

"Uso ulikuwa mnene, sikuutambua. Ile sauti niliitambua. Ilikuwa ya Kefa. Nikajua amekufa mgodini na roho yake imekuja kuaga kwao."

Alimwambia Jenista peke yake, naye akamsihi asimwambie mama wa watu. Mama Kefa alipopona alirudi kilimani, akaendelea kuwasha moto.

"Nilikuwa nikimwona anapuliza makaa, nami najua anamngoja maiti. Na lile neno 'nawe pia' sikulielewa. Mimi pia nini? Usiku nikawa najishika kifua kusikiliza kama moyo bado unapiga."

Agosti alikwenda Tunduma kutafuta sabuni na chumvi, bidhaa ambazo duka la kijiji halikuwa nazo. Akaingia kunywa chai katika mgahawa wa Mwanakombo, karibu na mpaka. Meza ya pili alikaa Amri, dereva wa lori mzaliwa wa Handeni, akiwasimulia wenzake habari ya abiria aliyemvusha Juni kurudi Zambia.

Amri, niliyemkuta Tunduma, anaikumbuka siku hiyo.

"Nilikuwa nasema jinsi yule bwana alivyotetemeka njia nzima kama mwenye homa," anasema. "Aliniambia kwao watu wote wamekufa, sijui kwa tauni gani. Nyumba hazina mapaa, wamebaki paka. Na rafiki yake amemtokea amevaa sanda. Basi nikaona huyu ndugu wa meza ya pili kikombe kimemtoka mkononi. Akasema, 'Huyo wa sanda ni mimi.'"

"Ukafanyaje?"

"Watu wakacheka. Mimi nilimshika mkono kwanza, nione kama una joto."

Ezron aliondoka bila sabuni. Alimkuta Mama Kefa kwenye mafiga yake, akamweleza yote: kwamba mwanawe yu hai, kwamba alifika mpaka uani, na kwamba amerudi alikotoka akiamini mama yake alikufa akazikwa bila yeye kumwona.

Mama aliweka kuni chini. Halafu akauliza, "Alikuwa amevaa viatu?"

"Alivaa, Mama."

"Basi anaishi vizuri." Akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Amri alipeleka salamu. Safari ya tatu alimpata Kefa mjini Kitwe, akamwambia mama yake anamsalimu. Kefa alimsikiliza kwa adabu, kisha akamjibu, "Salamu za wafu siitikii, mukwai, bwana. Nitaitika siku yangu ikifika." Akafunga mlango.

Ndiyo sababu Ezron, mwenye miaka thelathini na tisa, sasa anahangaikia kibali cha kusafiri. Ameshafika ofisi ya wilaya Vwawa mara kadhaa na kuambiwa arudi. Amri ameahidi kumbeba bure mavuno yakiisha.

"Nitafika kwake saa sita mchana, jua liko utosini," anasema. "Sitavaa kitu cheupe. Nitamwomba ugali nile mbele yake, maana mzimu hali ugali. Lakini naogopa. Akifungua akaona ni mimi yuleyule, je?"

Jenista ana hofu nyingine. "Huyu aliiota Kitwe tangu kabla hajanioa," anasema huku akichambua maharage mlangoni kwao bondeni. "Ninaogopa akifika, roho yake itasema amefika kwao."

Ezron hakatai. "Sitamdanganya mke wangu. Sijui nitajisikiaje nikiuona ule mji. Nimemwambia nitarudi, na nitarudi, kwa sababu Kefa hataijua njia ya kijiji kipya bila mtu wa kumwongoza."

Ukungu unaanza kupanda. Moshi umetokea upande wa mashariki wa mahame, tunaufuata. Mama Kefa amepiga magoti kwenye nyumba yake iliyo wazi juu, anapuliza makaa. Namuuliza amempa Ezron ujumbe gani kwa mwanawe.

Anajifuta macho yaliyojaa moshi.

"Nimemwambia asimchoshe kwa maneno mengi," anasema. "Amwambie hatujafa. Tumehama tu."