Msimu wa Viatu Vikubwa

Mdogo wangu alikuwa bingwa wa jimbo la Minnesota kwa mwaka mmoja, katika mchezo wa kuteleza kwa madaha kwenye barafu, daraja la wasichana wa umri wake. Mwaka uliofuata alianguka katika kila shindano aliloingia. Watu walitaja sababu nyingi. Sababu nilikuwa mimi, na ilinichukua miezi sita kuijua.

Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la tano, na sikurudi shuleni tena. Yeye alikuwa bado hajatembea. Tulipofika Saint Paul kutoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, mimi nilikuwa na miaka ishirini, yeye sita. Kwetu Kongo ya mashariki ndugu mkubwa huitwa yaya, awe wa kiume au wa kike, na sikumbuki kama amewahi kuniita kitu kingine.

Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kufagia uwanja wa barafu huko Woodbury. Sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo nilikwenda naye. Siku moja akavaa viatu vya kukodisha na kuingia katikati ya uwanja kama mtu anayeingia jikoni kwao. Kocha mmoja, mwanamke mrefu mwenye goti bovu, alisimama akimtazama, kisha akaja pale nilipokuwa na ufagio wangu.

"Huyu haogopi kuanguka," akaniambia. "Wengi huogopa. Niachie mimi."

Nikamwachia. Miaka saba baadaye alikuwa bingwa.

Mwezi wa nane wa mwaka ule wa ubingwa, viatu vyake vilianza kumbana vidole. Kocha alikuwa nyumbani, amefanyiwa upasuaji wa lile goti, na sikutaka kumsumbua. Mama mmoja pale uwanjani alikuwa anauza viatu vya binti yake mkubwa, karibu vipya, ngozi nyeupe haijakunjamana. Nilimvalisha mdogo wangu, nikabonyeza mbele kwa dole gumba kama nilivyobonyeza viatu vyake vyote tangu azaliwe. Dole gumba lilizama. Nilifurahi sana. Saizi moja na nusu ya ziada: misimu miwili, labda mitatu. Kambini viatu vilikuja kwenye marobota, na aliyepata vinavyomtosha leo ndiye aliyetembea peku mwaka unaofuata.

"Vimekaa vizuri?" yule mama akauliza.

"Vizuri kabisa," nikasema. Na kwa mdogo wangu, kwa Kiswahili: "Utavaa soksi mbili."

Alifunga kamba. Kocha aliporudi mwezi wa tisa aliviona, akamuuliza kama vinamkaa sawa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na mfuko wake begani. Akajibu ndiyo.

Shindano la kwanza alianguka mara tatu. La pili mara nne. Mruko wake mkubwa, ule wa mizunguko miwili na nusu, uliompa ubingwa, ukawa haupo tena. Anaruka, anazunguka, anatua, na mguu unamwacha. Kocha alisema ni mwili. Msichana akikaribia miaka kumi na minne anarefuka, kiuno kinabadilika, miruko inapotea, kisha inarudi. Nilimwamini, kwa kuwa alikuwa anarefuka kweli. Akina mama wa kanisani kwetu walifunga siku tatu kwa ajili ya goti la mdogo wangu, ingawa goti lake halikuwa na shida yoyote.

Wakati huo nilikuwa nimehamia kazi ya ghalani, Eagan. Mkenya mmoja aliyeendesha mashine ya kunyanyulia mizigo alikuwa ananiuliza kila Jumatatu.

"Bingwa wetu alifanyaje?"

"Wa kumi na moja."

"Kati ya?"

"Kumi na wawili."

"Huyo dada yako anapenda hiyo barafu, bwana. Kila saa anaikumbatia."

Nilicheka. Hakuwa mtu mbaya, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu.

Maana siku zetu zilikuwa hivi. Saa kumi alfajiri naamka, nachemsha uji, nashuka kukwangua barafu kwenye vioo vya gari. Napanda kumwamsha, yeye anashuka amefumba macho na kujilaza kiti cha nyuma. Saa kumi na moja na nusu tuko Woodbury. Yeye anaingia uwanjani, mimi nakaa kwenye mabenchi chini ya hita inayochoma kichwa na kuacha miguu igande. Nalala nikiwa nimekaa. Nikisikia kishindo nafumbua macho, namwona anainuka, anajipangusa, nafumba tena. Kisha nampeleka shule, kisha Eagan, saa nane nzima za kunyanyua maboksi, kisha nyumbani kupika. Siku tano kwa wiki. Ilifika mahali nikawa nahesabu usingizi kwa taa nyekundu za barabarani.

Mwezi wa kumi na moja tulikuwa tunarudi kutoka shindano la Coon Rapids. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka, magari yanakwenda polepole. Yeye huelewa Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza; siku hiyo alizungumza Kiswahili.

"Yaya, nikiacha?"

"Kuacha nini?"

"Hii."

"Sisi hatuachi vitu katikati."

"Wewe uliacha shule."

"Mimi sikuacha. Niliachishwa."

Akageukia dirisha. Nilidhani nimesema jambo la maana. Jumatatu nikamwomba kocha atuongezee asubuhi ya sita, Jumamosi, na kocha akakubali, kwa kuwa mwishoni mwa mwezi wa pili kulikuwa na shindano la jimbo, ambako mdogo wangu alitakiwa kuutetea ubingwa wake. Asipoutetea, utakwenda kwa mwingine. Niliamini kwamba akizidi kukaza, na mimi nikizidi kukaza, utabaki nyumbani kwetu. Sikujua njia nyingine. Kila kitu tulichowahi kupata tulikipata kwa kutoachia.

Kila jioni kazi ya kufuta na kukausha viatu ilikuwa yangu. Nilifuta vyuma vya kutelezea, nikafungua kamba, nikaviweka karibu na hita ya ukutani. Siku kumi kabla ya shindano, kimoja kilikuwa na unyevunyevu ndani, nikaingiza mkono. Mbele kabisa kulikuwa na kitambaa kilichosokotwa kikawa kigumu kama kizibo. Nilikitoa. Ilikuwa nusu ya soksi yangu ya kazini. Kiatu cha pili kilikuwa na nusu nyingine, na pale kwenye kisigino ngozi ya ndani ilikuwa na doa la kahawia ambalo nililijua ni damu.

Nasema ukweli: sikufikiria nilichokifanya. Nilikasirika. Nilisema moyoni, kumbe anajaza matambara kwenye viatu, ndiyo maana anaanguka. Asubuhi yake nilikwenda kumshtaki kwa kocha.

Kocha alizitazama zile soksi mkononi mwangu. Alimwambia mdogo wangu akae kwenye benchi, akapiga goti moja sakafuni, lile zima, akamwambia asukume mguu mpaka vidole viguse mbele. Kisha akaingiza kidole nyuma ya kisigino. Akaingiza cha pili. Vyote viwili vikapita.

"Nani alikupimia hivi?" akauliza.

Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu. "Sikumbuki," akasema.

Alikumbuka. Alikumbuka siku, mahali, na rangi ya koti la yule mama. Alikuwa ananisitiri, kama alivyonisitiri tangu mwezi wa nane, kwa soksi mbili, kisha kwa matambara, kisha kwa kuanguka mbele ya majaji na kuinuka akitabasamu.

"Mimi," nikasema.

Kocha alinieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto wapya. Kiatu cha barafu hakinunuliwi kikubwa ili mtoto akue nacho. Kinashika mguu kama ngozi ya pili, na mguu ukicheza ndani hata kidogo, chuma hakijui kinakwenda wapi. Kisha akasema kwamba hata yeye amekosa, alipaswa kuingiza kidole chake mwenyewe mwezi wa tisa. Nilitamani anitukane, ingekuwa nyepesi zaidi.

"Vipya vinahitaji wiki kadhaa mpaka vizoee mguu," akasema. "Havitawahi shindano. Anaweza kuingia na hivi hivi, tutoe miruko mikubwa. Au ajitoe."

Wote wawili wakanitazama mimi. Ni mimi niliyekuwa natia saini. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote, kwamba ataingia, kwamba hatuachi katikati. Nikamtazama mguu. Alikuwa amevua soksi, na kisigino kilikuwa kimechubuka hadi kuwa na rangi ya nyama mbichi. Miezi sita nilikuwa nakaa mita kumi kutoka pale, nimefumba macho.

"Wewe unataka nini?" nikamuuliza.

Alinikodolea macho. Nadhani swali lenyewe lilikuwa geni kwake.

"Nataka kulala," akasema.

Kocha akacheka kidogo, akafuta jicho. Tukajaza fomu ya kujitoa.

Jumamosi ya shindano niliamka saa kumi kwa mazoea. Nilikaa kitandani nikisikiliza. Nikashuka, nikakwangua vioo vya gari ambalo halikuwa linakwenda popote, nikapanda tena. Alilala mpaka saa tano na nusu. Mimi pia nililala, kwenye kiti, na nilipoamka shingo ilikuwa imekakamaa na ubingwa ulikuwa umekwenda kwa msichana mwingine. Hatukuuliza ni nani.

Hakugusa barafu kwa wiki sita. Sikumuuliza atarudi lini, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko maboksi. Mwezi wa nne alisema kwamba angetaka kurudi, lakini siku tatu kwa wiki, si sita. Nikasema sawa. Kocha akatupeleka kwa fundi anayepima miguu. Nilikaa pembeni kwenye kiti cha wateja. Fundi akamvalisha jozi ya kwanza, akanigeukia mimi kuuliza zikoje. Nikamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu.

"Zinabana hapa," mdogo wangu akasema. Fundi akalegeza. "Hapa pia." Akaleta nyingine. "Hizi zinanichoma kifundo." Akavalishwa jozi nne. Saa moja na nusu tulikaa pale, na kila mara alipata cha kusema.

Hakuwa bingwa tena. Msimu uliofuata alishika nafasi ya tano, na mruko wake ulirudi nusu. Lakini tangu siku ile analalamika. Uji una chumvi nyingi. Gari lina baridi. Naendesha kama mzee. Shati langu la kanisani limepauka, nisilivae tena. Namsikiliza nikiwa kwenye usukani, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, giza bado, na ninapochoka namwambia anyamaze kidogo, naye hanyamazi.