Kipara Mbele, Kashata Nyuma

Siku moja kabla ya mashindano nilibadilisha matairi ya baiskeli ya dada yangu, la mbele nikalipeleka nyuma na la nyuma nikalileta mbele, kisha nikayapaka tope ili asigundue. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kijinga. Yaliyofuata yalikuwa ya ukatili tu, na kwenye ukatili nina kipaji.

Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kinyangiri, kazi yangu ni kuchekesha. Kuchunga nachunga, shule nakwenda, kidato cha tatu, lakini muulize yeyote ananijua kwa lipi, atakuonyesha mdomo. Naweza kumwigiza mkuu wa shule anavyopandisha kitambi kwenye pikipiki. Naweza kumwigiza babu anavyopokea simu huku ameiweka juu chini. Ila ninachokiweza kuliko vyote ni utangazaji wa mpira. Nikiona mbuzi wawili wanapigana, natangaza. Mama akisonga ugali, natangaza: "Mwiko unapanda kushoto, mwiko unarudi katikati, hatari langoni!" Mama alikuwa anacheka mpaka anaegemea mlango, unga mkononi, ananiambia nitoke kabla hajaunguza mboga. Sikuwahi kuwa na shabiki kama yeye.

Dada yangu amenizidi miaka miwili na kila kitu kinachohitaji mapafu. Alimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hakuna aliyependa kuyazungumzia mezani. Akabaki nyumbani anafuga kuku, na kuku hao ndio walionunua baiskeli yake ya gia, mtumba, nyekundu iliyopauka. Akipeleka mayai sokoni alikuwa anawapita vijana wa bodaboda kwenye kilima, nao wanapiga honi kwa hasira.

Basi akaja kocha kutoka mjini Singida. Alitangaza kwamba atachukua binti mmoja, mmoja tu, atakayefika wa kwanza kutoka sokoni kwetu hadi Nduguti, mbele ya ofisi mpya za wilaya. Huyo atakwenda kuishi na timu afundishwe mbio za baiskeli.

Baba alisikiliza, akamaliza uji wake, ndipo akasema, "Ukiwa wa kwanza, nenda. Ukiwa wa pili, Jumatatu unapanda basi, Itigi, kwa shangazi yako."

Shangazi ana mgahawa karibu na stesheni ya treni. Wasichana wanaomfanyia kazi huondoka bila kuaga, mmoja aliacha hadi viatu. Dada alijua. Sote tulijua. Nilimwambia, "Usijali, dada, utakuwa bingwa wa taifa wa kuosha sufuria." Alinirushia gunzi.

Matairi yake yalikuwa yamekwisha, nyuzi zinaonekana. Tukaenda kwa fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kimeegemea mashine ya kukamua alizeti, kila kitu pale kinanuka mafuta, hata maji ya kupimia pancha. Dada alibeba jogoo wake wa mwisho, yule mwekundu, ili abadilishane kwa matairi mawili. Fundi ana mguu mmoja mwembamba tangu utotoni, mwembamba kama pampu, anautembeza kwa mkono akisimama.

"Shikamoo, fundi," dada akaanza.

"Marahaba. Unataka kukimbia au unataka kutoanguka?"

"Vyote viwili."

"Vyote viwili havipo, binti yangu. Unaongeza kidogo huku, unapunguza kidogo kule."

Akashusha matairi kutoka ukutani, moja moja, kama mtu anayechagua mboga. Lile lililolika, kipara, linakimbia kwenye ardhi ngumu, halina kelele, halikuchoshi. Lile lenye vibonge vya mpira, tunaloliita la kashata, linauma ardhi na haliachii, lakini linakuvuta miguu kama deni. Akazungusha gurudumu la dada akilitazama. Njia ya Nduguti, alisema, ina mchanga wa korongo, ina mteremko wa changarawe, kisha ina ardhi ngumu ndefu. Ukifunga kashata zote mbili utafika umekufa. Ukifunga vipara vyote viwili hutafika.

Nikaona nafasi. "Fundi, samahani. Na huo mguu wako, ni wa kipara au wa kashata?"

Dada alinifinya mpaka nikaona nyota. Wanaume waliokuwa wanasubiri alizeti zao zikamuliwe waliangalia chini. Fundi hakukasirika. Aliushika mguu wake akausogeza.

"Huu ndio wa mbele," akasema. "Ndiyo maana nauangalia."

Kisha akaendelea kumwambia dada, mimi kama sipo. "Mbele weka kashata. Mbele ndiko kunakoongoza. Nyuma ikiteleza unatikisa kiuno, unaendelea na safari. Mbele ikiteleza unakula barabara. Nyuma nakuwekea hili lililolika katikati, pembeni bado lina meno. Litakimbia."

Hapo ndipo nilipotoa elimu yangu. Kila msimu wa kulima tunakodi trekta, na mimi ndiye ninayepanda pembeni ya dereva kumwonyesha mipaka ya shamba. Trekta nalijua. Nikasema, "Fundi, umegeuza. Trekta lina meno makubwa nyuma, kule kunakosukuma. Mbele lina mistari tu. Waliotengeneza trekta hawakusoma?"

Fundi akapangusa mikono. "Trekta lina haraka ya kwenda wapi?"

Wale wanaume walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakalia gunia la mashudu. Dada alicheka kuliko wote. Njia nzima kurudi nyumbani akaniita Trekta: Trekta ongeza mwendo, Trekta umemaliza mafuta. Alipomsimulia mama, mama naye alicheka, ameegemea mlango uleule. Mimi ndiye ninayegawa kicheko kwenye nyumba ile. Sikuwahi kujua kina ladha gani ukikipokea.

Ijumaa mchana dada alikwenda kusukwa kwa jirani. Mama alikuwa shambani. Nikachukua vijiko viwili jikoni, maana tairi unalitoa kwa vijiko, kimoja unaingiza, kingine unafuata. Kimoja kikakunjika. Nikakirudisha ndani ya kikombe pamoja na wenzake. Kashata ikaenda nyuma, kipara kikaja mbele, nikapampu mpaka ukigonga tairi kwa kidole linalia kama ngoma. Halafu tope. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana: dada anashinda, mimi napanda juu ya kitu chochote pale Nduguti, mbele ya kocha na mbele ya fundi, natangaza ni nani aliyefunga matairi. Kushindwa kwake hakukuwemo kwenye mpango.

Jumamosi asubuhi sokoni, mabinti saba walijipanga. Binti wa mchungaji alikuwa na baiskeli nzito kama mlango wa benki, kashata mbele, kashata nyuma. Nikamwuliza kama hiyo baiskeli ni yake au ni ya halmashauri. Dada alizunguka mara moja kujaribu, akaja kusimama karibu yangu.

"Mbona mbele kunaelea?"

"Upepo umejaa. Fundi kasema uwe hivyo."

"Kasema lini?"

"Jana. Au ni woga?"

Aliniangalia. Bado naliona lile jicho, lilikuwa linaniuliza kwa mara ya mwisho, na mimi nikatabasamu.

"Siogopi," akasema, akaenda kwenye mstari.

Nilidandia bodaboda na washkaji wawili, tukapita njia ya mkato mpaka juu ya mteremko, mahali ambapo unaona korongo upande mmoja na kona ya changarawe upande mwingine. Watu walikuwa wameshajaa. Nikaanza kutangaza. Nilimtangaza mwenye nguo ya kijani, nikamtangaza aliyeshuka kusukuma, nikasema huyo amekuja kutafuta mbuzi wake. Watu wanakatika mbavu. Mshkaji mmoja akatoa simu akarekodi.

Kwenye mchanga wa korongo dada aliwaacha wote. Wengine walishuka, yeye alipanda, lile tairi la nyuma linachimba na kusukuma, linachimba na kusukuma, kama trekta kabisa. Moyo ulinivimba. Akatoka korongoni peke yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaambia watu ni fundi gani aliyeifunga ile baiskeli.

Akaanza kushuka. Ile kona haikuwa kali. Hata mimi naikata nikiwa nimebeba dumu. Alilaza baiskeli kidogo, kama anavyofanya siku zote, na tairi la mbele likaondoka. Halikuteleza taratibu. Liliondoka tu, kama mtu amevuta mkeka, naye akatua kwa bega, kisha kwa uso, changarawe zikamsindikiza.

Na mdomo wangu ulikuwa bado unafanya kazi. Naapa sikuutuma. "Naaam! Malkia ameonja barabara! Leteni chumvi, wapenzi wasikilizaji, leteni chumvi!"

Watu walicheka. Wote. Nilikuwa nimewapasha moto mimi mwenyewe tangu asubuhi, walikuwa wameiva.

Dada alinyanyuka. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia vibaya, chini kuliko mwenzake. Aliiinua baiskeli kwa mkono wa kushoto, akaisukuma. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Kicheko kikapungua kimoja kimoja. Binti wa mchungaji akaja akishuka polepole na mlango wake wa benki, akafunga breki, akasimama kabisa.

"Dada, umeumia?"

"Pita," dada akasema.

Yule binti akasita.

"Nimesema pita!"

Akapita. Ndipo dada akakaa chini.

Zahanati walisema ni mfupa wa bega, wakamfunga mkono shingoni. Kocha alikuja kumwona, akasema pole, akasema mwakani. Baba akasema makubaliano ni makubaliano. Shangazi kwenye simu akasema mkono mmoja unatosha kuosha vikombe.

Jioni ileile baba alikwenda kwa fundi, na mimi nikiwa nyuma yake. Alisimama mbele ya watu wa alizeti akasema, "Umenivunjia mtoto kwa matairi mabovu, na jogoo umemla." Fundi akasema jogoo hajamla, yupo. Akajivuta mpaka nyuma ya kibanda, akamleta, akampa baba, jogoo amefungwa miguu tayari. Hakubishana. Aliniangalia mimi kidogo, kisha akaangalia mikono yake. Nami nilikuwa na mdomo siku hiyo, kama siku zote. Sikuufungua.

Jogoo tulimla Jumapili. Nilikula paja.

Video nayo ilikuwa imeshazunguka. Jirani alikuja na simu, akidhani hatujaiona. Mama akamwomba airudie. Picha ilikuwa inatikisika, dada anaonekana mdogo kama kidole, lakini sauti ilikuwa safi, kila neno. Leteni chumvi, wapenzi wasikilizaji. Dada alikuwa amelala kwenye mkeka hatua mbili tu kutoka pale. Mama aliirudisha simu akashukuru.

Alasiri fundi akaja kumpa pole mgonjwa. Alikuja kwa miguu, kwa ule mguu, na sukari kwenye mfuko. Baba alimpa kiti bila kumtazama. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, tope limekauka linabanduka. Fundi hakukaa. Aliinama, akakwangua tairi la mbele kwa kucha, akakwangua la nyuma.

"Mzee," akamwambia baba, "hivi sivyo nilivyoifunga."

Dada aligeuza shingo kwenye mkeka, kwa shida, akaniangalia. Mama akaingia jikoni. Tulisikia vijiko vinalia ndani ya kikombe. Akatoka na kile kilichokunjika, akakiweka chini katikati yetu, akakaa.

Baba alinichapa, na hilo halina hadithi. Alimwomba radhi fundi, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama. Alitaka kumrudishia jogoo, akakumbuka.

Nilidhani sasa safari ya Itigi itafutwa. Nilisema hata mbele ya baba kwamba kosa ni langu, apelekwe mtu mwingine, nipelekwe mimi. Baba akasema shangazi hakuomba mwanaume, na mimi nina shule. Dada hakunitetea wala hakunishtaki. Alinipa kazi moja tu: "Kamwambie fundi airudishie matairi kama alivyoyaweka yeye. Usiyaguse wewe."

Jumatatu asubuhi tulikuwa kituoni, mama, dada na mimi. Begi nilibeba mimi kwa sababu yeye hakuweza. Nilimnyanyulia mpaka mlangoni, konda akalipokea, dada akapanda kwa kujishikilia na mkono mmoja, nywele zake bado zimesukwa vizuri kwa ajili ya mashindano. Alikaa upande wa pili wa basi, dirisha ambalo halituoni.

Pale kituoni walikuwepo watu wanaonijua, wauza karanga, vijana wa bodaboda, wale walioiona video. Walikuwa wananitazama nusu wanatabasamu, wanasubiri, maana siku zote pale huwa nasema chochote. Basi likawaka. Mama akanigeukia, hakupandisha sauti, akasema:

"Haya, mtangazaji. Dada yako anaondoka. Tangaza."