Nilifua utando wa mafuta wa mke wangu kwa sabuni, sasa injinia anakunywa chai kwangu

Mwangaluka wakuu.

Naanza na upumbavu wangu ili msihangaike kuutafuta: nilichukua kazi ya mke wangu, nikaifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikaianika kwenye kamba. Humu sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mtu wa ndani. Nachaji simu za watu barazani kwangu hapa Ngokolo, safari yangu ndefu ni choo cha nje.

Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye anayetoka. Yuko kwa majaribio kwenye karakana inayosafisha maji ya wachenjuaji wa dhahabu. Kazi yake ni utando: plastiki nyembamba yenye vitundu visivyoonekana, vilivyonyweshwa mafuta yenye dawa. Maji machafu huku, masafi kule. Dawa inaikamata shaba iliyomo majini, inaivusha. Tope linabaki.

Shida, mafuta yanachoropoka vitunduni. Bosi akasema utando ukidumu Jumatatu mbele ya wageni, ana ajira. La sivyo, arudi tuchaji simu wote.

Sasa kuna injinia Deo wa karakana hiyo. Kila jioni anampigia simu, namsikia: "Umeuloweka? Usiuache ukauke. Uguse polepole."

Na mke wangu anacheka! Mimi nikiomba chumvi tu naulizwa kama sina miguu.

Ijumaa akaja na utando ausuuze nyumbani, akauacha kwenye beseni, akaenda sokoni.

Nikausugua mpaka ukaacha kunata, nikauanika, kisha nikaurudisha kwenye beseni. Wakuu, sikuwa nasaidia. Nilikuwa namsugua Deo.

Aliporudi akaupachika kwenye kifaa chake cha kujaribia, akamimina maji ya mrututu, yale ya bluu yenye shaba, yaliyochanganywa na tope. Yakapita yote, na tope lake.

Akaninusa mikono. "Baba Kulwa, umetia sabuni?"

"Ulikuwa unanata."

"Unanata ndiyo kazi yake! Sabuni imekomba mafuta yote. Huu sasa ni plastiki tupu, basi!"

Akakaa chini. Angenigombeza ningepona. Kisha akampigia Deo.

Deo akaja. Mrefu, sauti ya mtangazaji. Na shikamoo akanipa, mimi!

Jumamosi na Jumapili wameinamia meza yangu, wanaloweka utando mpya, wanaupaka ute mwembamba juu ili mafuta yasitoroke. Mimi natumwa maji.

Jumatatu ukadumu. Ajira kapata. Nimefurahi, nusu. Maana Deo kasema meza yangu haitikisiki, majaribio yote sasa ni hapa hapa.

Nilichojifunza: kabla hujafua kitu cha mkeo, uliza kinaoshwaje. Na ukiwa na wivu, kaa mbali na beseni.

Mliowahi kuishi na injinia mwenye sauti nzuri, nishaurini hapo chini. Kunicheka nimeshachekwa na jirani yangu Mama Zawadi, aliyechungulia juu ya ua jana akaniona na birika:

"Baba Kulwa, kwenye simu ulimwonea wivu, sasa umemleta mezani na sukari unamkorogea mwenyewe."