Pepo wa Laini ya Simu

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kuuza vinyago ng'ambo, pale mtaani Baba Dogo. Intaneti yetu ilipitia waya wa simu, na kila asubuhi ilikatika barua pepe ikiwa nusu. Nilibadilisha soketi, nikapuliza vumbi kwenye modemu, hata nikaibembeleza. Wapi!

Siku moja niliufuata ule waya. Ulitoka dirishani ukashuka hadi sebuleni kwa mama mwenye nyumba, ambaye bado alikuwa na simu yake ya zamani kwenye laini ileile. Nilimkuta ameshika mkonga wa simu, amefumba macho, anaomba kwa sauti.

"Mama, kuna nini?"

"Mwanangu, humu mna pepo. Kila nikitaka kumpigia dada yangu Machakos, pepo huyo analia kama paka. Namkemea mpaka anyamaze."

"Na hunyamaza?"

"Kila siku!"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamweleza kuwa kilio kile ni cha modemu yetu, kwamba pepo huyo ndiye anayebeba barua zetu, na kila akiinua mkonga anamkata njiani. Tukakubaliana awe anagonga dari kwa ufagio kabla ya kupiga simu, nasi kule juu tumalize kutuma kwanza. Intaneti ikatulia, ingawa yeye aliendelea kuniuliza kama nimeokoka.