Ukurasa Usiokubali Kuambiwa "Nimekula"

Mashine ya kuchapisha ya ghorofa ya tatu imekwamisha karatasi tena, na Évode Nduwayo amepiga magoti mbele yake, wino umemchafua hadi viwikoni. Mhasibu amesimama pembeni na kikombe cha kahawa, akiangalia kama ndugu wa mgonjwa. Mara mashine inanguruma, karatasi zinatoka, na mhasibu anashusha pumzi.

"Hawa jamaa wanadhani mimi ni daktari," anasema Évode kwa Kiswahili, akicheka.

Kazi hii ya kutengeneza kompyuta na mashine katika ofisi moja ya Sundbyberg, Sweden, ndiyo inayomlisha yeye, mkewe na watoto wawili. Lakini mkute wakati wa mapumziko ya kahawa, ambayo Waswidi huyaheshimu kama sala, utamwona ameinamia simu. Anaangalia ukurasa wake wa mtandaoni, ambao mwaka huu wa 2012 umewapatia chakula wanafunzi wengi wa vyuo kutoka Afrika Mashariki. Ukurasa huohuo nusura ufungwe kwa kukosa wenye njaa.

Évode, 37, ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na huko ndiko alikookota Kiswahili chake. Alifika Sweden mwaka 2001, akasomea kompyuta. Mwaka wake wa kwanza chuoni aliishi kwa mkate na maziwa.

"Nilikuwa nasinzia darasani, mwalimu akadhani mimi ni mvivu," anasema. "Njaa ile, we acha tu."

Kwa hiyo mwaka jana, wanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya walipoanza kutozwa ada, alijua kitakachofuata. Alikiendea chama cha familia za Afrika Mashariki ambacho ni mwanachama wake, akaomba fungu la chakula cha wanafunzi. Wazee wakakubali, ila wakasisitiza apewe mwenye shida kweli.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwanafunzi anafungua ukurasa, anajibu maswali machache bila kuandika jina, anapokea namba ya siri kwenye simu. Kwa namba hiyo anachukua mchele, maharage, unga na mafuta katika duka moja la Rinkeby. Hakuna foleni wala wa kumnyooshea kidole.

Swali la kwanza lilikuwa: Je, leo umekula? Aliyebonyeza "Ndiyo, nimekula" alitakiwa siku njema, ukurasa ukajifunga.

Wiki zikapita. Wanafunzi zaidi ya mia wakaufungua. Waliopata chakula walikuwa wanne. Wanne tu, jamani!

Mwenyekiti wa chama, Mzee Ludovic, hakuzungusha maneno. "Vijana wameshiba," alisema. "Fungu hili tulipeleke kwingine." Ikakubaliwa kwamba mkutano wa Aprili ungepiga kura ya kuufunga ukurasa. Évode aliumia. Alijua wasiokula wapo, lakini hakuwa na la kuwaonyesha wazee.

Jibu alilipata Jumamosi moja huko Vårby gård, nyumbani kwa Mama Fébronie, mama wa kanisani kwake aliyemwita amtengenezee kompyuta. Évode alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na harufu ya maharage na ndizi ilikuwa inamtesa.

"Umekula, mwanangu?" mama huyo aliuliza.

"Nimekula, Mama, asante."

"Hutaonja hata kidogo?"

"Hapana, Mama. Nimeshiba kabisa."

"Haya, nawa mikono."

Évode aliisafisha sahani ya kwanza, akaongezwa ya pili. Katikati ya hiyo ya pili akaacha kutafuna.

"Nilijiona mpumbavu!" anasema. "Mimi niliyeandika lile swali nimeulizwa, nimedanganya palepale, na wala sikuona kama ni uongo. Ni adabu tuliyolelewa nayo. Nani kwetu anaulizwa mara moja tu akasema ana njaa?"

Hata kabla ya kuaga akaomba aitumie kompyuta aliyoitengeneza. Tangu siku hiyo, anayebonyeza "Nimekula" anaulizwa: Hutaonja hata kidogo? Akikataa tena, ukurasa unamwambia: Basi beba cha kesho. Namba ya siri inaingia kwenye simu.

Wanafunzi wakajaa dukani. Mzee Ludovic naye akaja juu. "Watu wamesema wamekula, wewe unawalisha kwa nguvu?" aliuliza mbele ya mkutano.

"Mzee, aliyeshiba hafungui ukurasa wa chakula," Évode alijibu. Minong'ono ikazidi, na kura ilikuwa karibu kupigwa.

Ndipo akasimama msichana aliyekaa nyuma, Jerioth, Mkenya anayesomea uhandisi. Biashara ya baba yake Nakuru ilikuwa imekufa, na pesa za kutoka nyumbani zimekatika. Évode hakujua kama ni mmoja wa waliotumia ukurasa wake.

"Mimi nilibonyeza 'nimekula'," alisema. "Nilikuwa sijala tangu jana yake."

"Binti yangu," alisema Mzee Ludovic, "kila Jumapili tuko pamoja hapa. Mbona hukusema?"

"Mliniuliza mara moja tu, Mzee."

Mzee Ludovic alivua miwani, akakaa nayo mkononi. Kura haikupigwa. Badala yake yeye mwenyewe alipendekeza fungu liongezwe, na mikono yote ikanyooka.

Jerioth anamwambia mwandishi wa makala haya kwamba wiki ile, kabla ukurasa haujaanza kuuliza mara mbili, alikuwa ameshaanza kuulizia tiketi ya kurudi kwao. Sasa anamalizia mtihani wake wa mwisho. "Siku hizi darasani niko macho," anasema.

Évode ameshaanza kuuandaa ukurasa kwa ajili ya miji mingine. Anataka kufikia Januari uwe umefika Uppsala, kisha Malmö, na amewapigia simu viongozi wa vyama vya miji hiyo kuwaomba washirikiane naye.

"Wote wamenijibu vizuri sana," anasema, akifuta wino mikononi. "Wanasema kwao hakuna shida, vijana wote wameshiba. Kwa hiyo naanza na hao."